Zege la Mgeni

Plasta ilinidondokea mkononi kabla sijaigonga kwa nyundo. Kilikuwa kipande kikubwa kama sahani, na nyuma yake niliona ufa umesimama wima kwenye nguzo, mwembamba kiasi cha kupitisha wembe. Nikapitisha wembe. Ukaingia wote.

Ilikuwa saa tatu na dakika kumi asubuhi, siku ya kwanza ya mitihani ya mwisho wa muhula katika Chuo Kikuu cha Nyandajuu. Mimi, Mhandisi Atuganile Mwasomola, msimamizi wa ukarabati wa Jengo la Sayansi, nilikuwa peke yangu kwenye stoo ya viti iliyo chini ya Ukumbi Mkuu wa jengo hilo. Juu ya kichwa changu wanafunzi mia nne na kumi na wawili walikuwa wameinamia karatasi zao. Nilisikia mmoja akiburuta kiti. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani, na sitajifanya kwamba niliogopa kwa ajili yao kwanza. Nguzo ile ilikuwa C7, na C7 nilikuwa naijua.

Nikasogea kwenye kidirisha cha mtambo wa jengo kilicho ukutani.

"Mhimili, hali ya C7."

"Habari za asubuhi, Mhandisi. C7 ina uwezo mkubwa kuliko nguzo zote za jengo hili. Kwa sasa inabeba asilimia sitini na sita ya uwezo wake. Ni salama."

Sauti ya Mhimili ni ya upole, kama ya karani anayekuambia mtandao uko chini. Vijana wa siku hizi hawajui jengo lisilojibeba. Wanaona ni kawaida kwamba ndani ya kila sakafu zinapita kebo za chuma, kwamba mota zinazivuta na kuzilegeza mchana kutwa, na kwamba Mhimili unasikia uzito wa kila mtu anayetembea na kuuhamisha kutoka nguzo moja hadi nyingine. Ndiyo maana nguzo zetu ni nyembamba, nusu ya zile za zamani. Lakini Mhimili hauwezi kujivunja ili ujue nguvu zake. Unategemea sampuli. Kila tunapomimina nguzo, tunajaza zege hilohilo kwenye kikasha kidogo, tunapachika mshipa, waya wa kupimia, ndani yake, tunakiweka kwenye tangi la maji kule chini kabisa. Mhimili unakibana kile kipande, unasikia kinavyovumilia, na unaamini kwamba nguzo ndugu yake inavumilia vivyo hivyo. Ukiingiwa na wasiwasi, iwe ni upepo, tetemeko au watu wanaokimbia, unapeleka mzigo kwa nguzo unayoiamini zaidi.

Nguzo ambayo Mhimili uliiamini zaidi ilikuwa hii iliyomeza wembe wangu.

Nikachukua kipande cha kioo chembamba kutoka kwenye mkoba, nikakigundisha juu ya ufa, upande huu na upande ule. Ni njia ya kizamani: ufa ukisogea, kioo kinapasuka. Gundi ikanishika vidole.

*

Miaka tisa kabla ya hapo nilikuwa injinia mdogo kwenye jengo hilohilo. Siku tuliyobakiza nguzo moja tu ya mstari wa C, yaani C7, mvua ilitunyeshea tangu alfajiri, na lori la zege likakwama kwenye matope kwa saa mbili. Lilipofika, dereva alikuwa ameshaliongezea zege maji ili litiririke, bila kumuuliza mtu. Lilitoka kama uji wa mgonjwa. Nilipaswa kulirudisha. Lakini kulirudisha kulimaanisha kupoteza wiki nzima, na mgeni rasmi alikuwa anakuja Jumatano kukagua maendeleo ya ujenzi. Nikamtazama fomani wetu, Mzee Ezron Chaula, Mkinga wa Makete aliyejenga nusu ya chuo kile kwa mikono yake. Naye akanitazama.

"Ya sampuli usihangaike nayo, mama injinia," alisema. "Hiyo nitaipikia pembeni."

Kila saiti niliyofanya kazi walikuwa na mtindo huo. Sampuli inakwenda kupimwa, na mpimaji ni mgeni, na mgeni haandaliwi makombo. Basi fundi anachanganya ndoo moja peke yake, saruji ya kutosha, maji ya kupimwa kwa kopo, anaijaza kwenye kikasha na kukisawazisha juu vizuri hadi kinang'aa. Wanaliita zege la mgeni, na wanacheka wakiliita hivyo. Nilicheka pia. Enzi za majengo ya kawaida uongo ule ulilala kwenye faili na nguzo nene zikaufunika. Lakini Mhimili haukujua mzaha wa mafundi. Uliuamini ule mchemraba mzuri kwenye tangi, ukaiandika C7 kuwa namba moja.

Nikatia saini. Mara moja tu, nilijiambia, na kwa miaka tisa niliendelea kujiambia hivyo. Jengo lilikuwa jepesi wakati huo. Sasa tulikuwa tumeliongezea ghorofa mbili juu, kwa michoro yangu mwenyewe, na michoro ile niliipiga hesabu kwa kutumia namba za sampuli.

Hapo ndipo mtu anaposhangaa akili yake mwenyewe. Nilikuwa nimejidanganya hadi nikasahau kwamba ni uongo.

*

"Dada Atuganile, watoto wanafanya mtihani na wewe umekuja na nyundo?"

Alikuwa Dokta Nuhu Luhwago, mkuu wa kitivo, mlangoni, na suti yake ya siku za mitihani. Nilisogea pembeni aone. Hakuhitaji maelezo, hata mtu wa botania anaujua ufa. Mkono wake ukaruka kwenye kitufe chekundu cha kengele, nami nikaudaka.

"Usibonyeze! Wakisikia kengele watasimama wote kwa mpigo. Mhimili utahisi sakafu inatikisika, utapeleka mzigo wote kwenye nguzo unayoiamini."

"Ipi?"

Nikamwonyesha kwa kidevu. Akaushusha mkono wake polepole.

"Basi uambie kwamba nguzo hii ni mbovu. Si unaongea nao?"

"Nikiuambia, utaua watu."

Nilimweleza harakaharaka. Sheria ya majengo yanayojibeba ina kipengele ambacho sisi wahandisi hatupendi kukitaja mbele za watu. Jengo likigundua kwamba haliwezi kuokoa wote, linaokoa wengi. Linaamua ndani ya sekunde nne, ili asipatikane mtu wa kulibembeleza. Upande wa mashariki tulikuwa tumezichubua nguzo ili tuzivishe koti jipya la zege, na kule walikuwemo watu tisa, Mzee Chaula na mafundi wanane. Mhimili ukijua C7 ni ya uongo, utautupa mzigo mashariki. Mashariki itaporomoka, na kwa hesabu za Mhimili mambo yatakuwa yamekwenda sawa.

"Tisa," akasema Luhwago. Akatazama dari. "Binti yangu yuko humo juu. Safu ya tatu, karibu na dirisha." Kisha akaketi kwenye kiti kibovu, akafunika uso. "Usiniulize mimi, dada. Tafadhali usiniulize mimi."

Sikuwa nimemuuliza. Nilikuwa natafuta namba ya Chaula kwenye simu, na majina yote yalionekana kuanza na herufi C.

*

"Shikamoo, mzee," nikasema. Hata katika hali ile ulimi ulitanguliza salamu.

"Marahaba, mama injinia. Za huko?"

"Teremsha mafundi wote sasa hivi. Watembee, wasikimbie. Wakifika chini wasisimame karibu na jengo."

Kisha akauliza, "Ni C7?"

Sikuwa nimemtajia nguzo yoyote.

Niliweka simu kwenye spika na kuiegesha juu ya rundo la viti. Tulimsikia akiwaita wenzake kwa majina, tukasikia viatu vikishuka ngazi za jukwaa la nje. Mhimili haukusema kitu. Watu wanane wakitembea mmoja mmoja kwake ni kama paka anapita. Chaula alihesabu kwa sauti. Watano. Sita. Saba.

"Gwamaka hayupo," akasema.

"Yuko wapi?"

"Ghorofa ya chini huku, ndani ya kizimba cha nondo cha E6. Anachomelea nondo, amevaa vizibo vya masikio. Tumemzungushia ringi za chuma akiwa katikati. Hawezi kutoka mpaka zikatwe nne."

"Mzee, usiingie."

"Sasa aingie nani?" alijibu, na nikasikia hatua zake zikibadilika, kutoka kwenye kokoto hadi kwenye sakafu tupu. Muda si mrefu msumeno wa chuma ukaanza kulia.

Kioo kikapasuka.

Hakikutoa mlio mkubwa. Luhwago aliusikia, nami niliusikia. Vumbi jembamba likaanza kumwagika kutoka kwenye ufa, mfululizo, kama unga kwenye mfuko uliotoboka. Nilitaka kukimbia. Mlango ulikuwa hatua sita, uwanja ulikuwa nje, jua lilikuwa linawaka, na miguu yangu ilikuwa tayari imegeukia huko. Naandika hili kwa sababu baadaye watu waliniita jasiri.

Nikajikaza, nikarudi kwenye kidirisha. C7 ilikuwa inakufa, na mashariki walikuwa wamebaki wawili tu.

"Mhimili. Sampuli ya C7 si ya C7. Ilichanganywa pembeni. Nguzo yenyewe ina zege lililotiwa maji. Nilijua, na nikatia saini."

Nikafumba macho, nikahesabu. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Hakuna kilichoanguka.

"Nimepokea, Mhandisi," ukasema Mhimili, kwa upole uleule. "Saini yako iko kwenye nguzo sitini na mbili kati ya sitini na nne za jengo hili. Kama moja ni ya uongo, sina sababu ya kuziamini nyingine. Siwezi kupiga hesabu ya wengi na wachache bila kujua nani ana nguvu. Wewe ndiye mhandisi wa zamu. Nipeleke mzigo wapi?"

Nilikuwa nimeiogopa mashine inayochagua bila huruma. Sasa mashine ilikuwa imenyanyua mikono, inaniuliza mimi, na nikagundua kwamba nilipendelea ichague yenyewe.

"Tuna muda gani?"

"Kwa ninavyoisikia C7, dakika mbili. Huenda pungufu."

Nikainyakua simu. "Mzee! Nguzo za uongo ni zipi? Ni C7 peke yake, si ndiyo? Niambie ni C7 peke yake."

Msumeno ulinyamaza, ukalia tena. "Mama injinia," akasema, "zipo kumi na moja."

"Nilikukubalia mara moja!"

"Ulinikubalia mara moja, ndiyo. Baada ya hapo sikuona sababu ya kukusumbua kila siku. Nikajua ndivyo unavyotaka kazi iende."

Ningemtukana, lakini tusi lingenirudia.

"Zipi nzima, mzee? Zilizo karibu na hapa, zipi ambazo ungelaza watoto wako chini yake?"

Hakufikiri hata kidogo. "E5 na E6. Tulizimimina wewe ukiwa likizo ya uzazi. Yule Tweve aliyekushikia nafasi alirudisha malori mawili siku ile, tukamsema sana. Wiki hii nimezichubua, nimeona matumbo yake. Kokoto imekaa, hakuna tundu hata moja. Na sampuli zake ni zake kweli."

E5 na E6. Namba zao kwenye orodha ya Mhimili zilikuwa ndogo, kwa sababu zilikuwa za kweli, na katikati ya kumi na moja zilizopambwa zikaonekana dhaifu. Tulikuwa tunawavisha koti wazima na kumwacha mgonjwa abebe ukumbi.

"Uko wapi sasa hivi?"

"Nimeegemea E5. Gwamaka yuko ndani ya E6. Bado ringi mbili."

"Zimechubuliwa, mzee. Zitabeba?"

"Zinaweza kubeba. Nyama ya nje haipo, lakini mfupa ni mzima." Akakohoa. "Zinaweza pia kukataa. Sitakudanganya."

Nguzo kumi na moja alizipikia uongo, na neno lake la kumi na mbili nilitakiwa kuliamini. Hapakuwa na tangi wala kipande cha kubana. Kipimo pekee kilichobaki cha jengo lile kilikuwa neno la Ezron Chaula, naye alikuwa amesimama mahali ambapo mzigo ungeshuka. C7 ikatema kipande cha zege kikubwa kama ngumi. Kiligonga ukuta karibu na Luhwago. Alisimama, akanitazama, midomo yake ikicheza bila sauti. Safu ya tatu, karibu na dirisha.

"Mzee, toka," nikasema. "Mwache. Toka wewe, halafu nitautuma mzigo."

Simu ya Chaula nayo ilikuwa kwenye spika. Nilijua hilo niliposikia sauti nyingine, ya kijana, karibu sana: "Injinia, mimi niko humu."

Msumeno haukusimama.

"Mhandisi," ukasema Mhimili, "sekunde arobaini."

Kuna watu wataniambia ningengoja thelathini na tisa. Huenda. Mimi niliona ule ufa ukifunguka nikiutazama kwa macho yangu, na sikujua kama arobaini ya Mhimili ilikuwa arobaini kweli, maana hesabu zake zote zilisimama juu ya uongo wangu.

"E5 na E6," nikasema. "Peleka E5 na E6."

Mota zikanguruma chini ya sakafu. Kebo zikakaza, mlio ukapita ukutani kutoka magharibi kwenda mashariki, mrefu, mzito, na vumbi la C7 likakatika ghafla kama bomba lililofungwa. Kwenye simu kulisikika kishindo, kisha kingine, kisha kitu kikaporomoka kwa muda mrefu. Nilipiga kelele jina la mzee. Luhwago alipiga kelele jina la Mungu.

Kishindo kikaisha. Mtu alikuwa anakohoa.

"Imekaa," akasema Chaula. "Plasta ya dari tu ndiyo imetushukia. Imekaa, mama. Bado ringi moja."

Nilikaa sakafuni na kulia kwa sauti, sikujali nani ananiona.

*

Tuliwatoa wanafunzi safu kwa safu, kumi kumi, wakitembea kwa kunyata kama wanaotoka chumba cha mgonjwa. Luhwago alisimama mlangoni mwa ukumbi na kuwaambia ni hitilafu ya umeme. Ilichukua dakika arobaini. Wa safu ya tatu walipopita aliangalia chini, asije akamkumbatia mtu mbele za wenzake. Mvulana mmoja mwenye miwani alimuuliza kama muda wao wa mtihani utafidiwa. Luhwago akamwambia utafidiwa wote.

Mzee Chaula na Gwamaka walikuja kwenye stoo nilikokuwa, weupe kwa vumbi kuanzia nywele hadi viatu. Gwamaka alinitazama kidogo, hakunisalimu, akaokota jaketi lake kwenye kiti na kutoka. Sikumlaumu. Nilitaka kumwomba radhi lakini maneno niliyokuwa nayo yote yalikuwa madogo.

Chaula alisimama mbele ya C7, akaweka kiganja juu ya ufa. "Uji kabisa," akasema taratibu. "Mungu wangu. Uji kabisa."

"Mhandisi," ukasema Mhimili kutoka ukutani. "Naomba maelekezo."

"Sema."

"Majengo manne mengine yana saini yako na fomani huyuhuyu. Sheria inanitaka niwaarifu wenzangu wanaoyaendesha kwamba sampuli zake si za kuaminika. Mimi nilikuuliza kwa sababu jengo hili liko kwenye ukarabati, na jengo la ukarabati linaruhusiwa kumuuliza mhandisi wa zamu. Yale manne hayako kwenye ukarabati. Hayataruhusiwa kuuliza. Yatachagua upande wenye watu wachache na kuutua mzigo huko."

"Yapi?"

Ukayataja. La kwanza lilikuwa Hosteli ya Wasichana, ng'ambo ya uwanja. Niliweza kuiona kupitia mlango uliokuwa wazi, ghorofa saba, kanga na shuka zimeanikwa kwenye vibaraza.

"Ndani yake sasa hivi kuna watu mia tatu na nane," ukasema Mhimili. "Na wale wanaotoka mtihanini wanaelekea huko."

"Mzee," nikasema. Sikumgeukia, nilishindwa. "Hosteli. Nguzo zipi za kweli? Niambie zote, moja moja, tuwatoe watu kabla Mhimili wake haujaarifiwa."

Nikageuka. Alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji, vidole vya mkono wa kushoto amevikunjua mbele yake, anavigusa kimoja kimoja kwa kidole cha mkono wa kulia na midomo inacheza. Alifika kidole cha nne akasimama. Akatikisa kichwa, akarudi cha kwanza.

"Pale tulikuwa na vikosi vitatu," akasema. "Mimi sikusimamia zote. Ngoja kwanza, mama. Ngoja kwanza."

"Usiwaarifu," nikauambia Mhimili. "Subiri."

"Nisubiri mpaka lini, Mhandisi?"

Uwanjani wasichana wawili walikuwa wanakimbizana kuelekea hosteli, mmoja ameshika karatasi ya maswali juu ya kichwa kujikinga na jua. Chaula alifika tena kidole cha nne, akakosea, akaanza upya.